Kuandikiwa ripoti ya mchanganuo Kampala: nani anastahili pesa yako

Benki, mbia au bodi ya SACCO ikikuambia "tuletee mchanganuo wa biashara," Kampala haina uhaba wa watu wa kukuandikia. Kuna vibanda vya kuchapa na kujalidi vya Wandegeya, jirani na Makerere. Kuna Nasser Road, mtaa ambao riziki yake ni karatasi na wino. Kuna washauri wa kujitegemea, wengi wao wahasibu walioajiriwa kwingine wanaoifanya kazi hii jioni. Na siku hizi kuna programu za akili unde, zinazotoa kurasa 20 kabla chai haijapoa. Aina hizi tatu, yaani duka, mshauri na programu, tunazipima hapa kwa swali moja: je, ripoti inamwezesha mwenye pesa kuamua atoe au asitoe? Hatutaji jina la duka wala mshauri yeyote. Kasoro ni za aina nzima ya huduma, na ubora hutegemea nani aliyeketi mbele ya kompyuta siku hiyo.

Hukumu tuitoe mapema. Duka la kuchapa ni zuri kwa kuchapa na kujalidi, basi. Programu ni nzuri kwa kunyoosha lugha. Mshauri ndiye pekee anayestahili ada ya uchambuzi, kwa sharti kwamba atakukabidhi lahajedwali (faili la Excel) lenye fomula zinazofanya kazi pamoja na hiyo ripoti. Mshauri anayekupa PDF peke yake amekuuzia nusu ya kazi, hata kama jalada lina herufi za dhahabu.

Maduka ya kuchapa

Hapa bei huhesabiwa kwa ukurasa, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Anayelipwa kwa ukurasa hana sababu ya kufupisha, kwa hiyo utapata kurasa kumi za historia ya uchumi wa Uganda, jedwali la nguvu na udhaifu lenye maneno yanayofaa biashara yoyote ("wafanyakazi wenye ari", "ushindani sokoni"), na hesabu za kurasa mbili mwishoni. Afisa mikopo husoma kuanzia mwishoni.

Kiolezo huwa kimenakiliwa, na dalili zake ni rahisi kuzikamata. Ukikuta "kaunti" badala ya wilaya, KRA badala ya URA (mamlaka za mapato za Kenya na Uganda), KEBS badala ya UNBS (mashirika ya viwango ya nchi hizo), au VAT ya asilimia 16 wakati yetu ni asilimia 18, ujue andiko limevuka mpaka wa Busia bila kukaguliwa. Dalili nyingine ni ya tarehe. Ripoti inayosema umeme utaunganishwa na Umeme Limited ni ya zamani, kwa sababu mkataba wa kampuni hiyo ulikwisha tarehe 31 Machi 2025 na usambazaji ukachukuliwa na UEDCL, kampuni ya serikali. Kama mwandishi hajui nani anakuletea umeme, usitarajie kwamba anajua unaulipia bei gani.

Kodi nayo hukosewa kwa namna ileile. Violezo vingi hukata asilimia 30 ya faida kama kodi ya kampuni, hata kwa biashara ya mauzo ya milioni 90 kwa mwaka. Biashara yenye mauzo yasiyozidi milioni 150 kwa kawaida huangukia utaratibu wa kodi ya wafanyabiashara wadogo, unaokokotolewa kwenye mauzo. Tofauti si ndogo, na mara nyingi inakuumiza wewe mwombaji: mradi mzuri unaonekana dhaifu kwa kosa la karani.

Jambo la usalama: faili lako likibaki kwenye kompyuta ya duka, ndilo litakuwa kiolezo cha mteja wa kesho, pamoja na bei za wauzaji wako. Peleka PDF iliyokamilika, simama hapo wakati wa kuchapa, kisha hakikisha imefutwa.

Washauri, na jinsi ya kuwapima

Mshauri mzuri humjui kwa tai. Unamjua kwa maswali ya siku ya kwanza. Atauliza nani anaamua, anaamua lini, na usipofanya mradi huu kitatokea nini. Huyo wa "Mkubwa, niachie jina la kampuni na kiasi cha mkopo, Ijumaa uje uchukue" ni duka la kuchapa lenye kadi ya biashara. Anayejitambulisha kama CPA (mhasibu aliyesajiliwa) anaweza kuulizwa namba ya uanachama wa ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda. Si kinga dhidi ya kazi mbovu, lakini walau kuna mahali pa kulalamika.

Kipimo chenyewe ni hesabu. Tuchukue mradi wa kawaida wa mashine ya kusagisha mahindi kwa ada, tuseme Iganga. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, weka zako. Mtaji ni shilingi milioni 60, ukijumlisha kinu cha kukoboa, kinu cha kusaga, mota, kuunganishiwa umeme wa fezi tatu na ufungaji. Makisio ni tani 2.5 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani tani 750 kwa mwaka. Ada ni shilingi 120 kwa kilo, hivyo mapato ni milioni 90. Umeme ni yuniti 70 kwa tani kwa shilingi 500 kila yuniti, jumla milioni 26.25. Wafanyakazi wanne kwa 400,000 kwa mwezi ni milioni 19.2, na mchango wa mwajiri wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 ni milioni 1.92 juu yake. Kodi ya banda milioni 6. Matengenezo (nyundo, chekeche, mikanda, beringi) milioni 8. Leseni na mengineyo milioni 3. Jumla ya gharama ni milioni 64.37. Kinachobaki kabla ya kodi ni milioni 25.63 kwa mwaka.

Kwa ripoti nyingi safari huishia hapo: "mtaji utarudi ndani ya miaka miwili na miezi minne, mradi unafaa." Hesabu ni sahihi na bado haitoshi. Mshauri anayestahili ada huendelea na maswali mawili: pesa za mwaka wa tano zina thamani gani leo, na ni kisio gani likiyumba kidogo linauangusha mradi?

Swali la kwanza ni la kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kuzishusha pesa za miaka ijayo hadi thamani yake ya leo. Violezo vya nje hupenda asilimia 10, kwa vile ndivyo vitabu vilivyoandika. Kwa mkopaji wa shilingi wa Uganda, ambaye benki ya biashara kwa kawaida humtoza zaidi ya asilimia 15, kiwango hicho ni cha ndoto. Kwa miaka mitano, mradi wetu una thamani halisi ya sasa (pesa za miaka yote kwa thamani ya leo, ukitoa mtaji) ya milioni 37.2 ukitumia asilimia 10, na milioni 16.6 tu ukitumia asilimia 20. Zaidi ya nusu ya "faida" imeyeyuka bila chochote kubadilika kiwandani. Ripoti lazima iseme imetumia kiwango gani na kwa nini. Na kama kiwango ni cha benki, ambacho tayari kimebeba mfumuko wa bei, basi mapato na gharama navyo vipandishwe mwaka hadi mwaka (hapa tumeziacha bei palepale kwa urahisi wa mfano tu). Kuchanganya riba ya sokoni na bei zilizogandishwa ni kosa ambalo hata kazi za bei ghali hulibeba.

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linaloachwa. Katika mfano huu kila tani inaacha shilingi 85,000 baada ya umeme, na gharama zisizobadilika ni milioni 38.12. Ili thamani ya sasa isishuke chini ya sifuri kwa asilimia 20, mashine inahitaji takriban tani 685 kwa mwaka. Kisio ni 750. Maana yake mahindi yakipungua kwa asilimia 9 tu, mradi haumlipi mwenye mtaji. Kwa tani 600 unabaki na milioni 12.88 kwa mwaka na thamani ya sasa ni hasi milioni 21.5. Chini ya tani 448 mashine haiwezi hata kulipa mishahara na banda.

Sasa angalia kisio lenyewe. Siku 25 kila mwezi, miezi 12, kiwango kilekile? Sehemu kubwa ya nchi huvuna mahindi mara mbili, kuanzia Juni hadi Agosti na kuanzia Novemba hadi Januari. Kati ya mavuno foleni ya kusagisha hupungua. Mashine za jirani huhesabiwa? Mvua ikinyesha mfululizo na mahindi yakaja mabichi, je? Kiwango cha Afrika Mashariki kwa punje za mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi yaliyozidi hapo huziba chekeche na kuipunguza kasi mashine. Ripoti nzuri ina jedwali la miezi 12 lenye tani tofauti kila mwezi, na maelezo mafupi yamepatikanaje: mtu alikaa kwenye mashine mbili au tatu za jirani, siku ya soko na siku ya kawaida, msimu wa mavuno na nje yake, akahesabu magunia. Ripoti mbaya ina neno "tafiti zinaonyesha".

Vivyo hivyo kwa umeme. Shilingi 500 tuliyoiweka ni ya mfano, na ripoti halisi ichukue bei iliyotangazwa na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, kwa kundi lako la wateja katika robo hiyo ya mwaka, kisha iilinganishe na bili au risiti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) za mwenye mashine kama yako. Makadirio ya yuniti kwa tani yanayotoka kwenye karatasi ya muuzaji wa mashine ni ya mashine mpya yenye nyundo kali. Nyundo zikichakaa mota inakula zaidi kwa unga uleule.

Makosa ya ndani ya faili

Hii ndiyo sababu ya kudai lahajedwali. Lifungue mbele ya mshauri, nenda kwenye seli ya tani, badilisha 750 iwe 600. Kama faida ya mwaka wa tatu haikubadilika, tarakimu zimeandikwa kwa mkono na hakuna mchanganuo hapo, kuna mapambo. Jaribio hili huchukua nusu dakika, na hakuna lililo bora zaidi.

Kisha angalia fomula ya NPV ya Excel, ile inayokokotoa thamani ya sasa. Huichukulia tarakimu ya kwanza kana kwamba imepatikana mwisho wa mwaka wa kwanza. Mwandishi akiuingiza mtaji wa leo ndani ya mabano pamoja na mapato, kila kitu kinasogezwa mwaka mmoja mbele, na milioni 16.6 yetu inasomeka milioni 13.9. Mtaji unapaswa kukaa nje ya mabano, utolewe baadaye. Ni kosa dogo kwa thamani, lakini afisa mikopo anayelijua akiliona ataanza kutilia shaka kurasa zote.

Mengine ya kukagua: uchakavu wa mashine haupaswi kuhesabiwa kama pesa inayotoka, kwa kuwa milioni 60 tayari zimetoka. Riba ya mkopo haiwekwi kwenye gharama halafu tena kwenye kiwango cha punguzo, maana utakuwa umemlipa mkopeshaji mara mbili. Ada uliyokwisha mlipa mshauri haiingii katika uamuzi. Lakini banda lako mwenyewe linaingia, kwa kodi ambayo lingekuletea likipangishwa, na hali kadhalika mshahara wako kama utakuwa unashinda pale. Wenye biashara za kifamilia hukataa hili kwa nguvu. Wakatae, ila jedwali litakuwa linaonyesha faida ambayo kwa kweli ni jasho lao lisilolipwa. Kwenye mishahara, PAYE (kodi ya mshahara) na ile asilimia 5 ya NSSF hutoka kwenye malipo ya mfanyakazi. Asilimia 10 ni yako juu ya mshahara, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 hata mwajiri wa mtu mmoja anahusika. Ripoti zinazosema "biashara ndogo haihusiki" zimenakili sheria ya zamani.

Mtaji wa kuzungushia nao husahauliwa mno, hasa pale biashara inapohama kutoka kusagisha kwa ada hadi kununua mahindi na kuuza posho (unga wa mahindi). Tuseme unaziuzia shule tani 10 kwa mwezi kwa shilingi 2,500 kwa kilo. Ni milioni 25 kwa mwezi. Mkulima anataka fedha taslimu getini. Shule inalipa wazazi wakishalipa, mara nyingi muhula ukiisha. Kwa miezi mitatu una milioni 75 mikononi mwa shule, kiasi kinachozidi bei ya mashine nzima. Ripoti inayoomba milioni 60 za mashine bila mstari wa pesa hizo inakupeleka kwa mkopeshaji wa riba ya mwezi ifikapo muhula wa pili. Tena, ukitaka kufungasha unga kwa jina lako, alama ya ubora ya UNBS ina gharama na muda wake, na vyote viwe kwenye ratiba.

Njia mbadala na ukurasa wa kwanza

Ripoti yenye pendekezo moja tu ni barua ya maombi. Tunataka angalau njia tatu, ya kwanza ikiwa kuacha mambo yalivyo, zote zikipitia hesabu ileile. Kwa mfano wetu: kuendelea kusagisha kwa jirani, kununua mashine ya injini ya dizeli, au kununua ya umeme. Ujanja wa kawaida ni kuweka njia mbili za kipuuzi pembeni ya ile inayopendwa ili ing'ae. Utaujua, kwani njia za kipuuzi hazina tarakimu, zina sentensi mbili tu.

Muhtasari uwe ukurasa mmoja, uandikwe mwisho, na uwe na ombi (kiasi, muda, dhamana), pendekezo, thamani ya sasa, muda wa kurudisha mtaji, tani za chini kabisa ambazo mradi unazihitaji, na hatari kubwa moja yenye jina la atakayeishughulikia. Mwili mzima utoshe kurasa 12 hadi 15, nyaraka za wauzaji ziwe viambatisho: nukuu za bei mbili au tatu zenye tarehe, mkataba wa banda, bili. Washauri wengi hapa hufanya vizuri kwenye viambatisho na vibaya kwenye muhtasari, wanaugeuza utangulizi wa kusifu kampuni.

Programu za akili unde

Kwa upangaji wa sentensi za Kiingereza, ambacho ndicho benki nyingi zinakitaka, zinasaidia kweli, hasa kwa mfanyabiashara wa Arua au Busia ambaye biashara yake yote inaendeshwa kwa Kiswahili. Kwa hesabu ni hatari: jedwali linatoka safi, jumla haijumliki, na bei ya mahindi imetoka hewani. Mpe programu tarakimu zako zilizokwisha kokotolewa na uiambie isiongeze hata moja. Kisha hesabu upya kwa kikokotoo.

Jinsi ya kulipa

Usilipe yote mwanzoni wala usilipe kwa ukurasa. Mgawanyo unaofanya kazi ni asilimia 30 baada ya kupokea karatasi moja ya njia mbadala na orodha ya makisio, asilimia 40 baada ya lahajedwali kupita jaribio la kubadilisha seli, na 30 ya mwisho baada ya mshauri kujibu maswali ya kwanza ya benki. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo wanayoipinga zaidi. Ishikilie, kwa sababu benki hurudisha maswali karibu kila mara, na aliyekwisha lipwa hapokei simu. Katika makubaliano, yaandikwe haya: faili la Excel lisilofungwa kwa nywila, kila kisio liwe na chanzo na tarehe pembeni yake, na kikao kimoja cha kukupitisha kwenye makisio kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kiswahili, kiwe Kiswahili. Afisa mikopo atakuuliza wewe kwa nini tani 750, na mshauri hatakuwepo chumbani.

Muda wa haki ni wiki mbili hadi tatu kwa mradi wa ukubwa huu, nyingi zikienda kwenye kuhesabu magunia na kufuatilia nukuu za bei. Anayeahidi siku mbili ana kiolezo tayari; mwombe akuonyeshe ukurasa wa kodi kabla hujatoa hata shilingi.